Muhuri wa Hugo kwenye vitabu vya kuinama

Vitabu vya mitumba kando ya Barabara ya Tom Mboya, Nairobi, hutandazwa chini, juu ya gunia, na mnunuzi sharti ainame. Jumamosi moja niliinama nikaokota Kirinyaga, ya Mmarekani Mike Resnick. Muuzaji aliona macho yangu yamenata pale jaladani palipotajwa Tuzo ya Hugo, ya hadithi za kubuni za kisayansi, na bei ikaruka kutoka shilingi 150 hadi 300.

Je, muhuri huo unastahili hiyo 150 ya ziada?

Wanaoubeza hawakosi hoja. Hugo, iliyoanza 1953, huamuliwa kwa kura za wanachama wa kongamano la dunia la mashabiki. Uanachama hulipiwa, na kongamano lenyewe halijawahi kufanyika Afrika. Mkenya Katama Mkangi alipotoa riwaya yake Walenisi mwaka 1995, ambamo mtu anarushwa angani kwa chombo kama adhabu ya kifo, ni mpiga kura gani angeisoma kwa Kiswahili?

Hata hivyo, mimi huzisoma orodha za zamani, na hasa za walioteuliwa wakakosa. Mwaka 1967 riwaya za Babel-17 na Flowers for Algernon zilishindwa kwenye Hugo. Tuzo ya Nebula, ambayo wapiga kura wake ni waandishi wenyewe, ilikuwa imezipa zote mbili ushindi wa pamoja. Anayefuata washindi wa Hugo peke yao angezipita riwaya hizo zote mbili.

Na Kirinyaga? Hadithi iliyoupa mkusanyiko huo jina ilishinda Hugo mwaka 1989. Wakikuyu wa siku zijazo wamehamia ulimwengu wa kutengenezwa ili waishi kama mababu, na mundumugu (mganga) wao, Koriba, anamuua mtoto mchanga kwa kuwa alizaliwa akitanguliza miguu. Niliisoma kwenye matatu ya Githurai nikapitiliza steji yangu. Imesukwa vizuri, lazima nikiri. Jioni nilimsimulia shosho wa nyumba ya pili. Aliendelea kuchambua sukuma wiki yake, kisha akasema, "Wangu wa tatu alitanguliza miguu. Na ndiye hunilipia nyumba."

Tusimwonee Resnick: hamsifu Koriba, ambaye mradi wake mwishowe unamshinda. Lakini Mkikuyu wake ni ama mfungwa wa mila ama mtu aliyekwisha kuwa Mzungu. Shosho hana mahali pa kukaa humo. Kwa hiyo kwangu kitabu hiki ni ushahidi wa sura yetu iliyowapendeza wapiga kura wa 1989. Mwaka 2016 walimpa Nnedi Okorafor tuzo kwa Binti, kisa cha msichana Mhimba, wa kabila la Namibia, anayesafiri nyota hadi nyota na hesabu zake kichwani. Ukisoma cha pili bila cha kwanza, hutajua umbali uliotembewa.

Na muuzaji tuliachana kwa 200. Chini ya gunia lile palikuwa na Babel-17 iliyong'oka jalada, haina muhuri wowote. Hiyo nilipewa kwa 50.