Siku sita za Wamarekani, miezi saba yetu

Kazini kwetu hapa New Jersey kuna bwana mmoja ambaye kila tukikaa kunywa chai hunililia: ati rais wao kawaandama mawakili, ati nchi imekwisha. Mtu wa Mombasa asimuliwe yeye habari za serikali na mawakili!

Kinachoniuma hasa ni tarehe. Trump alitia sahihi amri dhidi ya kampuni ya mawakili ya Perkins Coie tarehe 6 Machi 2025: mawakili wake wazuiwe majengo ya serikali, na wenye kandarasi za serikali waseme kama ndiyo wakili wao. Kosa kubwa ni kuifanyia kazi kampeni ya Hillary Clinton ya 2016. Tarehe 12 Jaji Beryl Howell akavizuia vipengele hivyo. Mei akaifuta amri yote, kwa kuwa katiba yao haimruhusu mtawala kumwadhibu wakili kwa sababu ya mteja aliyemtetea. Siku sita, jamani! Kwetu, MUHURI na Haki Africa, mashirika ya haki za binadamu ya Mombasa, serikali iliwafungia akaunti za benki Aprili 2015, baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa. Mahakama Kuu ya Mombasa iliamuru zifunguliwe Novemba, miezi saba baadaye. Na hapo sijamgusa Miguna Miguna, wakili aliyefukuzwa nchini 2018, na maamri yake ya mahakama yaliyokwama uwanja wa ndege.

Haya, nishawasikia: "Keshaonja theluji, sasa anajitia Mzungu." Hebu ngojeni. Hao hao Wamarekani, kampuni ya Paul Weiss haikwenda hata mahakamani. Iliahidi kazi za bure za dola milioni 40 ili iachwe. Skadden ikaahidi milioni 100 kabla haijaandikiwa amri yoyote! Matajiri wa ghorofa za vioo, wamenywea kama kuku wa mvua. Mimi namjua wakili wa chumba kimoja, juu ya duka la leso Biashara Street, aliyekesha kituo cha polisi hadi kituo wakati wa maandamano ya Juni 2024 akitafuta watoto wa watu, na hakuna aliyemlipa. Baada ya Willie Kimani, wakili aliyeuawa na polisi 2016, anajua fika kazi hiyo inaweza kumfikisha wapi. Alikwenda. Kwa hilo natembea kifua mbele mbele ya yule bwana wa chai.

Na wewe unayetaka kuniandikia "rudi basi uje uitengeneze", nitarudi. Nijibu hili tu: wakili wetu wa Biashara Street akipewa amri ya mahakama leo saa nane mchana, OCS, mkuu wa kituo cha polisi, ataisoma lini?