Tiva wa mafunjo: kumwita kwa simu au kumngoja?

Tiva wa mafunjo (Laniarius mufumbiri) ni ndege anayekaa ndani ya mafunjo, na ni nadra kutoka humo. Kwenye kinamasi cha Dunga, karibu na Kisumu, wako wanaomwita kwa sauti iliyorekodiwa kwenye simu. Hoja yao ina uzito. Mafunjo hufikia mita 4 na zaidi, ndege mwenyewe ana sentimita 18 hivi, na kufyeka njia ili aonekane ni uharibifu mkubwa kuliko spika. Katika sensa ya ndege pia, asipoitwa anaweza kunyamaza, na mahali alipo pakaandikwa hayupo.

Shida ni kwamba sauti peke yake haimtambulishi. Pembeni mwa kinamasi, penye vichaka, huishi tiva mwenye kichwa cheusi (Laniarius erythrogaster). Naye ana kifua chekundu, na dume na jike wake pia hupokezana wimbo upesi hadi ukadhani anayeimba ni mmoja. Kwa hiyo achana na kifua, ingawa ndicho kinachovuta macho kwanza. Tafuta utosi wa njano, mstari mweupe bawani na jicho jeupe. Yule mwingine ana utosi mweusi, bawa lisilo na mstari na jicho la njano. Kwa makinda kuwa mwangalifu zaidi, maana rangi bado zimefifia.

Kuita nako kuna kosa lake. Tiva akidhani mpinzani ameingia eneo lake, huweza kuacha kuimba na kusogea kimyakimya chini kwenye mashina. Msikilizaji hudhani hayupo, huongeza sauti, na kumsumbua zaidi, pengine akiwa na kiota. Tena mitumbwi hupita njia zilezile za maji, basi wanaochokozwa ni walewale.

Kwa mgeni anayetaka kumwona tu, kungoja ndiko sahihi: saa 12 hadi saa 3 asubuhi, kabla upepo wa ziwani haujaanza kutikisa mafunjo, injini imezimwa, darubini imeelekezwa kwenye vishungi vya mafunjo anakopanda kuimba. Kwa sensa, kuita nakukubali kwa masharti: sekunde 30, kimya dakika 5, mara mbili basi, sauti isizidi ya ndege mwenyewe, na akijibu simu izimwe. Utaratibu uwe mmoja kila kituo, la sivyo hesabu hazilinganishiki. Na penye vichaka pembeni, aliyesikika bila kuonekana aandikwe “tiva” tu, bila spishi.