Mnana mmoja, siku tatu

Shemeji aliniambia kazi ni nyepesi: "Ni kuangalia ndege tu, na chakula kipo." Mimi nikajua nitakaa chini ya mwembe. Kumbe mwenzenu nimejiandikisha kumhesabu mnana wa Kilifi, ambaye dunia nzima hana kwao ila kaunti yetu hii, kwenye misitu ya Arabuko-Sokoke na Dakatcha. Na hata huku kwao hataki kuonekana.

Mnana wa kawaida ninao tele nyumbani. Wamechana makuti ya mnazi wangu hadi umebaki fedheha, na kelele zao zaniamsha kabla ya adhana. Nikauliza, kwani hawa hamuwezi kuwahesabu? Kijana kiongozi wetu akanitazama kama niliyemtukania mamake. Hao siyo. Mwenyewe dume ni mweusi juu, manjano tumboni, tena sharti apatikane na kiota. Ndege huyu ana jina vitabuni tangu 1913, kiota chake kimekuja kuonekana 2013. Miaka mia, jamani! Sisi tukapewa siku tatu na mahamri mawili kila mtu.

Eti hujenga kwenye ndago, katika madimbwi ya msimu, mvua ikinyesha vizuri. Basi siku mbili nzima ni matope hadi magotini, mbu wanakula kwa zamu, na ndala yangu ya kushoto ikabaki huko huko Dakatcha. Nikiinua darubini naona kope zangu. Tukaingia msitu mmoja uliosifiwa sana, tukakuta umeshakuwa shamba la mananasi. Kina mama waliokuwa wakipalilia wakauliza tumepoteza nini.

"Ndege."

Walicheka hadi mmoja akakaa chini.

Siku ya tatu mbaazi za jana zikaanza kudai haki yake tumboni. Nikajitenga nyuma ya kichaka, chini ya mrihi. Nimetulia pale, mara juu vurugu la mabawa: manjano, nyeusi, manjano. Nikahesabu wanane, mkono mmoja umeshika suruali. Nikapiga ukelele kabla sijafikiri.

Timu nzima ikaja mbio na madaftari. Ndege wakaenda zao. Kijana machozi yanamlengalenga, akatoa simu aandike pointi.

"Mzee, hapa hapa ndipo uliposimama?"

"Sikuwa nimesimama."