Swali ambalo mwandishi hakuliuliza

Mwandishi wa makala ninayoijibu hapa anasema mzazi aliyemrudisha mtoto darasani wakati wa korona alikuwa anacheza kamari na afya ya familia. Hapo mimi na yeye tunaachana. Mwaka 2020 UNESCO ilihesabu zaidi ya wanafunzi bilioni 1.5 waliofungiwa shule duniani, na kila nyumba ilikuwa na hesabu zake: nani ana pumu, nani mzee, simu ziko ngapi.

Kwetu simu ilikuwa moja, watoto wawili. Mkubwa alijimudu, anasoma usiku, anatuma kazi zake, basi. Mdogo ndiyo kwanza alikuwa darasa la kwanza, anajifunza kuunganisha herufi. Mwalimu anasema "ba", sauti inakatika, mtoto ananitazama mimi. Siku moja nikamkuta amelaza simu kifudifudi, kichwa kakiweka juu ya daftari, na mwalimu humo ndani bado anafundisha!

Shule zilipofunguliwa nilimpeleka siku ile ile, barakoa usoni. Nilipofika nilichoangalia kwanza ni madirisha, maana virusi hivi vinaenea zaidi hewani, hasa ndani kusipopitisha hewa. Bibi yao ana kisukari, ikabidi tumhamishie kwa mdogo wangu kwa muda. Hilo ndilo lililoniuma, wala sijui kama alinielewa.

Jirani yangu alibaki na wanawe nyumbani mwaka mzima na sikumlaumu, mmoja wao alikuwa anatibiwa saratani. Sasa ndugu mwandishi, kati yetu mcheza kamari ni nani?