Kidole Kimebaki Nje

Kwanza niseme habari ya uzito, maana mkasa wote ulianzia hapo. Mimi nilikuwa na miaka 19, mifupa mitupu, shati limechomekewa na bado linapwaya. Yeye tulimwita Baba Mkubwa, kwa heshima na pia kwa kumtazama tu. Akiketi kwenye kochi lake, upande wa pili unapanda, na mwenzangu aliyekaa huko anapanda nao huku ameshika Kitabu cha Mormoni, anajitahidi kuendelea kusoma. Jumamosi ya wiki hiyo Baba Mkubwa alikuwa abatizwe, na kati ya wenye ukuhani wote waliokuwepo, yaani wanaume wenye mamlaka ya kubatiza, wengine mabaunsa kabisa, akanichagua mimi nimbatize.

Kwa wasiotujua: sisi ni wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Watu wengi wanatuita Wamormoni. Mwaka 2018 Rais Russell M. Nelson aliomba jina hilo liachwe na lile refu litumike, ila taarifa haikufika kwa watu tunaowabishia hodi. Vijana wa kiume tunatumikia misheni miaka miwili, na kila mmoja anapangiwa mwenza ambaye haruhusiwi kukutoka machoni. Mnaamka pamoja, mnasoma pamoja, mmoja akisahau mwavuli mnarudi wote wawili. Pa kujificha ni msalani tu, na hata huko mwenzangu alikuwa akiniuliza maswali ya maandiko kupitia mlangoni.

Jumatatu ni siku ya maandalizi: kufua, kupiga pasi, kuongea na nyumbani. Zamani wamisionari walipiga simu Krismasi na Siku ya Mama basi. Tangu mwaka 2019 tunaruhusiwa kila wiki, jambo ambalo mama yangu analitumia mpaka tone la mwisho. Nikamweleza habari njema.

"Ana kilo ngapi?" mama akauliza.

"Sijamuuliza, mama."

"Na wewe siku hizi una ngapi?"

Nikamtajia. Simu ikawa kimya mpaka nikadhani imekatika.

"Mwanangu, si ungemwachia mtu mwingine?"

Mwenzangu aliyasikia yote, maana yupo pale pale, atakwenda wapi? Akaamua tufanye mazoezi usiku huo huo. Akajaza mito miwili ndani ya shati akawa Baba Mkubwa. Ukiangalia kwa mbali kazi yenyewe ni nyepesi: mkono wa kushoto unashika kifundo cha mkono wa mwenzio, wa kulia unauinua juu, unataja jina lake kamili na maneno yale machache, kisha unampeleka chini chali na kumtoa. Shida iko kwenye masharti. Maneno yasemwe kama yalivyo, ukikosea unarudia. Na mwili wote uzame. Ikibaki nje hata ncha ya nguo, unarudia. Nikasema maneno, nikamlaza mwenzangu kitandani, chaga mbili zikavunjika, na jirani wa chini akagonga dari kwa mpini wa ufagio.

Jumanne, Jumatano na Alhamisi zilikwenda kama kawaida. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi macho, kusoma, kutoka, hodi, mlango kufungwa. Mbwa walikuwepo. Babu mmoja alivaa miwani, akasoma beji yangu iliyoandikwa "Mzee", ndivyo tunavyoitwa wamisionari wa kiume, akaniangalia kidevu kwa muda mrefu, halafu akamwita mkewe atoke nje aje aone.

Ijumaa ilikuwa ya mahojiano. Anayemfundisha mtu si yeye anayemhoji kwa ubatizo, kwa hiyo alikuja kiongozi wetu wa wilaya, yaani wa kundi letu la wamisionari, kijana mwenzetu tu ila mwenye sauti nzito, na sisi tukangoja nje tukitafuna kucha. Kwa kweli hatukuwa na wasiwasi na Baba Mkubwa. Sigara alikuwa ameziacha, na kahawa pia, maana kwetu vyote viwili haviruhusiwi, ingawa kahawa aliiaga kwa huzuni ya msiba. Akatoka ametabasamu, amepita. Halafu akanivuta pembeni.

"Kijana wangu, kuna jambo sijamwambia mtu. Mimi maji nayaogopa."

"Maji ya kina, Baba?"

"Maji."

Jumamosi tukafungua kabati la nguo nyeupe za ubatizo. Ni vazi moja la shati na suruali zilizoungana, lenye zipu mbele. Mlikuwa na la mtoto, na mlikuwa na mawili ya ukubwa wa Baba Mkubwa. Akavaa moja. Mimi nikatazama la mtoto, nikatazama lililobaki, nikaingia kwenye lililobaki. Mwenzangu akakunja mikono, akakunja miguu, akafunga kwa pini, akarudi nyuma kunikagua, akasema, "Haionekani sana."

Huyo ndiye aliyekuwa amejaza maji kwenye kisima cha ubatizo. Ukutani kuna alama ya mwisho. Akaipita. "Yakiwa mengi atazama vizuri," akanieleza, na mimi nikaona ana hoja. Archimedes, yule Mgiriki aliyeeleza jinsi maji yanavyopanda mtu akiingia, alishalimaliza suala hili zamani sana, ila hakuna aliyetuambia.

Tulihitaji mashahidi wawili. Hapo nyuma walikuwa ni wanaume wenye ukuhani, wenye huruma. Mwaka 2019 ikaruhusiwa mshiriki yeyote aliyebatizwa awe shahidi, hata mtoto. Wetu wakawa mama mmoja mpole na binti wa miaka 9. Kwetu mtoto hubatizwa kuanzia miaka 8, kwa hiyo binti alikuwa na uzoefu na alitaka tulijue hilo. Akapiga magoti ukingoni kabisa, viganja mapajani, macho kwenye maji.

Nikaanza kushuka ngazi. Kila nilivyoshuka, hewa iliyokuwa ndani ya lile vazi ilipanda. Ikatoka miguuni ikaja kiunoni, ikatoka kiunoni ikaja mabegani, kola ikanigusa masikio. Nilipofika katikati, nyayo zangu hazikuwa chini tena. Ndipo Baba Mkubwa akashuka. Maji yakainuka, yakafika ukingoni, yakatafakari, yakavuka. Yakaenda kusalimia safu ya kwanza. Rais wa tawi, yaani kiongozi wa usharika wetu, aliyekuwa akiendesha ibada, alisimama palepale na viatu vyake vya ngozi, anatazama mbele, hakunyanyua hata kisigino. Ile ndiyo kufa na tai shingoni.

Baba Mkubwa akanikamata mkono kwa nguvu zote za woga wake. Nikainua wa kulia, pini ikafyatuka, mkono wa vazi ukakunjuka na kunifunika mpaka vidole. Nikataja majina yake yote manne. Nikasema maneno yote, sikukosea hata silabi. Nikamsukuma kwenda chini.

Yeye hakwenda. Nilikwenda mimi. Walioshuhudia wanasema nilizama kikamilifu.

Nilipoibuka, maji yananitoka puani, nikasikia sauti nyembamba kutoka ukingoni: "Huyo mwingine hajazama."

Tukarudia. Safari hii alishuka, kichwa, mabega, magoti, kila kitu, kisha hewa ya vazi lake ikakusanyika mahali pamoja na tumbo likachomoza juu ya maji kama kisiwa.

"Tumbo," akasema shahidi.

Tukarudia. Mpiga piano alikuwa ameinama, mabega yanacheza. Mwenzangu amefunika uso kwa kitabu cha nyimbo. Baba Mkubwa akashuka vizuri sana, nikaona kabisa tumbo limeingia, nikamtoa, nikavuta pumzi.

"Kidole."

Mama wa yule binti akamnong'oneza jambo kutoka safu ya pili.

"Lakini mama, kilibaki nje! Kile kikubwa!"

Tukamtazama yule mama mpole, shahidi wa pili. Akainamisha macho. Rais wa tawi, kwa masikitiko, akatikisa kichwa kukubali. Kidole kilibaki nje.

Hapo ndipo Baba Mkubwa alipoanza kucheka. Alikuwa ameshakunywa maji ya kutosha na hakuna kilichomuua, na nadhani woga ulikatikia hapo. Akaniinamia sikioni. "Nisikilize, kijana wangu. Wewe sema maneno. Kuzama niachie mimi."

Akalikumbatia tumbo lake kwa mikono miwili, akalibana ili hewa itoke. Ikatoka, kupitia kwenye kola, polepole, kwa sauti ambayo sitaieleza, katika ukimya wa kanisa zima. Ilichukua muda. Hakuna aliyethubutu kumtazama jirani yake. Kisha akanibana na mimi, ikatoka ya kwangu, nyembamba zaidi.

Nikainua mkono. Majina manne, maneno yote. Baba Mkubwa akavuta pumzi, akakunja magoti, akajiachia moja kwa moja kwenda chini, na kwa kuwa hakuniachia mkono, tukaenda pamoja. Huko chini nilimwona amefumba macho, mashavu yamejaa, anatabasamu.

Tulipotoka hakuna aliyepumua. Kanisa zima lilikuwa linamtazama mtoto. Naye hakuwa na haraka. Akaegemea mbele, akakagua maji yote kona hadi kona, akaturudia sisi.

"Sawa," akasema. "Wote wawili."

Baba Mkubwa alipokelewa kwa taulo na kukumbatiwa na kila mtu. Mimi na mwenzangu tulipiga deki mpaka giza likaingia, mimi nikiwa bado ndani ya lile vazi, maana zipu ilikuwa imegoma.