Asili ni jina la kipande

Juzi jioni mpwa wangu wa darasa la tano alinifungulia daftari lake la hisabati. Swali lilikuwa 3/4 − 1/6. Jibu lake: 2/2. Pembeni kuna alama kubwa ya kosa kwa wino mwekundu na maneno mawili: "Tafuta KDS", yaani Kigawe Kidogo cha Shirika. Basi, hakuna kingine.

Nikamuuliza, "2/2 ni ngapi?"

"Moja, mjomba."

"Ulikuwa na robo tatu, ukatoa kitu, ukabaki na kizima?"

Akaliangalia jibu lake kwa muda, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Lakini juu nimetoa, na chini nimetoa."

Maneno hayo hayajanitoka kichwani. Mtoto huyu si mzembe. Amefundishwa tangu darasa la kwanza kwamba ukiona alama ya kutoa, unatoa. Ameona namba, nne kwa jumla, akatoa mara mbili, na pale chini ambapo 4 toa 6 ilikataa, akageuza akatoa 4 kwenye 6. Mwalimu kaona hatua iliyorukwa. Mimi naona mtoto ambaye hajaambiwa hiyo 4 na hiyo 6 ni kitu gani, na kumwambia atafute KDS ni kumpa ufunguo bila kumwonyesha mlango.

Asili, ile namba ya chini ya sehemu, haihesabu chochote. Asili ni jina la kipande. Na sisi tunaozungumza Kiswahili hatuna sababu ya kulikosa hili, maana lugha yenyewe inalisema kila siku. Tunasema robo tatu kama tunavyosema vitabu vitatu: kitu kwanza, idadi baadaye. Theluthi mbili. Thumuni tano. Muulize mtoto yeyote, robo tatu toa robo moja ni ngapi, atakujibu robo mbili papo hapo, na hata siku moja hatatoa 4 kwenye 4. Halafu anaingia darasani, robo tatu inageuka kuwa "tatu juu ya nne", kitu kinapotea na zinabaki namba mbili zilizopandana. Hapo ndipo tunapompoteza.

Sasa robo tatu toa sudusi moja, yaani 1/6. Mbona haiendi? Kwa sababu robo si sudusi. Ni sawa na kuambiwa utoe kalamu mbili kwenye vitabu vitano. Lazima kwanza upate jina moja linalozifaa zote mbili, na jina hilo ndilo tunalolitafuta tunapoorodhesha vigawe vya 4 na vya 6 hadi vikutane kwenye 12. Robo moja ni vipande vitatu vya 1/12. Sudusi moja ni vipande viwili. Kwa hiyo tuna vipande tisa, tunatoa viwili, vinabaki saba. 7/12. Ukishajua unahesabu vipande gani, huna haja ya kukumbushwa kwamba asili haitolewi.

Kuna swali moja ambalo lingepaswa kuulizwa kabla ya KDS kutajwa: 1/2 − 1/3. Ukitoa juu kwa juu, unapata sifuri. Maana yake nusu na theluthi ni sawa, na hakuna mtoto atakayekubali hilo. Mwache abishane na jibu lake mwenyewe kwa dakika tano. Kisha mwonyeshe uso wa saa: nusu saa ni dakika 30, theluthi ya saa ni dakika 20, tofauti ni dakika 10, yaani 1/6 ya saa. Dakika ndiyo jina la pamoja. Anayesema saa kumi kasorobo anatoa sehemu kila siku, tena dakika hizo 45 anazipata bila kuandika chochote, kwa kuwa 60 inagawanyika kwa 2, 3, 4, 5 na 6.

Wala si jambo jipya. Ahmes, mwandishi wa Misri ya kale aliyenakili hati ya hesabu yapata mwaka 1550 kabla ya Kristo (leo iko British Museum, London), ana swali la namna hii: una 2/3 na 1/15, kimepungua nini kutimiza 1? Hesabu inapitia 15. Theluthi mbili yake ni 10, sehemu yake ya kumi na tano ni 1, jumla 11, zimebaki 4. Yaani 4/15, ambayo kwa uandishi wao ikawa 1/5 na 1/15. Namba za kusaidia za aina hiyo zinajulikana kwa kuandikwa kwa wino mwekundu. Wino mwekundu uliokuwa ukionyesha njia! Nilipokumbuka hilo nikiwa nimeshika lile daftari, iliniuma kweli.

Sehemu mchanganyiko ndizo zinazoumiza zaidi, nazo chanzo chake ni kilekile. 3 1/4 − 1 2/3. Mtoto anafika vizuri kwenye 3 3/12 − 1 8/12, anaona 3 haitoi 8, anakopa 1 kwenye 3 na kuiongeza kama 10, kama alivyozoea. Anapata 13/12, anatoa, anajibu 1 5/12. Lakini kizima kimoja hapa ni vipande 12, si 10. Ni 15/12, na jibu ni 1 7/12.

Nakubali, bila furaha sana, kwamba njia ya kuzidisha kwa kupishana inafanya kazi kila mara. Zao la asili mbili ni kigawe cha zote mbili, hakuna ubishi. Na KDS inaokoa jasho pale namba zinapokuwa kubwa: 1/48 − 1/60 kwa kupishana inakupeleka hadi 2880, wakati 240 inatosha, na jibu ni 1/240. Ila kumkata maksi mtoto aliyeandika 14/24 badala ya 7/12 kana kwamba amekosea, hapana. Mwambie arahisishe. Hesabu yake ni sahihi.

Jioni ile mimi na mpwa wangu tulikata vipande viwili vya karatasi vyenye urefu mmoja. Kimoja tulikikunja sehemu nne sawa, kingine sehemu sita, tukaviweka sambamba. Akajaribu kupima sudusi juu ya robo tatu, mkunjo ukaangukia katikati ya robo, akasema, "Haikai." Tukachukua cha tatu tukakigawa 12. Safari hii mikunjo yote ya vile viwili ilipata mwenzake. Akahesabu kwa kidole, akafika saba, akaandika mwenyewe.

Halafu akauliza, "Kwa hiyo mjomba, tungekata 24 ingekuwaje?"

Nikampa mkasi.