Afadhali Wikipedia yenye mabishano

Agosti 2020 msomaji mmoja wa mtandao wa Reddit alifichua kwamba sehemu kubwa ya Wikipedia ya Kiskoti, lugha ya jadi ya nyanda za chini za Uskoti, ilikuwa kazi ya kijana wa Marekani asiyeijua lugha hiyo. Alianza akiwa na miaka 12. Alikuwa akichukua makala za Kiingereza, anatafuta neno mojamoja kwenye kamusi ya mtandaoni, na pale kamusi inapomkatalia anaipinda tahajia ya Kiingereza mpaka ifanane na anavyodhani Waskoti wanavyoandika. Kwa miaka saba alitunga makala zaidi ya 20,000, na akapewa hata madaraka ya usimamizi. Hakuwa mhuni, aliamini anaisaidia lugha ndogo isipotee. Waliohitajika pale ni watu wawili watatu wa kumwambia mapema, na kumwambia tena alipoendelea, kwamba hivyo sivyo Kiskoti kinavyosemwa.

Nakileta kisa hiki kwa kuwa lawama tunazozizoea kuhusu Wikipedia ni za upande mwingine kabisa. Husemwa kwamba wahariri wake wanagombana mno, kwamba mgeni akiandika sentensi moja inafutwa kabla hajamaliza chai yake, na kwamba watu wazima wanapoteza wiki nzima wakivutana juu ya jambo ambalo msomaji hatalitambua. Lawama hizo zina ukweli. Katika Wikipedia ya Kiingereza wahariri waliwahi kuandikiana maneno zaidi ya 40,000 wakibishania kama herufi moja katika jina la filamu iwe kubwa au ndogo. Jina la mji wa Gdańsk, ambao Wajerumani waliuita Danzig, lilibadilishwa na kurudishwa mara zisizo na idadi, mpaka mwaka 2005 wakapiga kura: Danzig kwa habari za mwaka 1308 hadi 1945, Gdańsk kwa nyakati nyingine. Kabla ya hapo, mwaka 2004, ilikwisha wekwa kanuni kwamba anayetengua kazi ya mwenzake zaidi ya mara tatu katika ukurasa mmoja ndani ya saa 24 anaweza kuzuiwa asihariri. Watu wanaopatana hawahitaji kanuni ya namna hiyo.

Hata hivyo, naona kwamba kwa Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2003 na inayobebwa na wahariri wachache wa kudumu, ukimya ni hatari kubwa kuliko ugomvi. Na mabishano hayaingii tu kama gharama ya kuvumiliwa. Yakiendeshwa vizuri, ndiyo yanayoitengeneza makala.

Chukua Mapinduzi ya Zanzibar ya 12 Januari 1964. Mhariri wa Unguja aliyesoma shule zinazoiadhimisha siku hiyo kila mwaka ataandika kwamba wanyonge waliikomboa nchi yao kutoka kwa usultani. Mhariri wa Muscat, ambaye babu yake aliondoka Zanzibar akiwa na nguo alizovaa tu, ataandika juu ya mauaji, na juu ya kupinduliwa kwa serikali iliyokuwa imepata uhuru mwezi mmoja tu uliotangulia, 10 Desemba 1963. Mhariri wa Uganda atauliza mbona John Okello, aliyezaliwa kwao, anatajwa kwa kupitia tu. Ikifika idadi ya waliouawa, makadirio yaliyochapishwa yanatoka mamia hadi 20,000, na kila mmoja atakuwa na tarakimu yake mkononi.

Mmoja wao akiachiwa ukurasa peke yake, tutapata makala laini, yenye mtiririko mzuri, na iliyo nusu. Wakikutana wote watatu, hakuna atakayekubali sentensi ya mwenzake ipite bila kuuliza: nani kasema, kitabu gani, ukurasa wa ngapi? Mwisho wake watalazimika kuandika kwamba fulani anakadiria hivi, fulani vile, na serikali inaeleza hivi. Sentensi zitakuwa nzito. Makala haitamfurahisha yeyote kati yao. Lakini mwanafunzi wa kidato cha nne, awe Wete au Mombasa, ataondoka akijua ni nini kinachojulikana na ni wapi watu wanapotofautiana, jambo ambalo kitabu cha kiada hakimpi mara nyingi.

Hili lina ushahidi wa kitafiti pia. Mwaka 2019 jarida la Nature Human Behaviour lilichapisha utafiti wa kundi la wanazuoni, akiwemo James Evans wa Chuo Kikuu cha Chicago, walioangalia makala za Wikipedia ya Kiingereza na mielekeo ya kisiasa ya waliozihariri. Makala zilizohaririwa na watu wa kambi zinazopingana zilikuwa na ubora wa juu kuliko za watu wa mrengo mmoja, na hata kuliko za watu wa katikati tupu. Mijadala yao ilikuwa mirefu, lakini walikuwa wakirejea zaidi kanuni za pamoja na vyanzo.

Nisiwe mwepisi wa kufurahia, maana kuna utafiti mwingine unaovuta upande wa pili. Idadi ya wahariri hai wa Wikipedia ya Kiingereza ilifikia kilele mwaka 2007, kisha ikaanza kushuka. Aaron Halfaker na wenzake walieleza mwaka 2013 sababu mojawapo: wageni waliokuja kwa nia njema walizidi kutenguliwa kazi zao, mara nyingi kwa msaada wa programu za kunasa waharibifu, na waliotenguliwa mapema hawakurudi. Kanuni nazo zilikuwa zimekomaa kiasi kwamba mgeni hakuwa na njia ya kuzigeuza. Kwa maneno mengine, kulikuwa na mabishano ambayo upande mmoja umeshashinda kabla wa pili haujafungua mdomo.

Ukali huo haukuzuka kwa roho mbaya. Mwaka 2005 mtu asiyejulikana aliandika katika wasifu wa mwanahabari John Seigenthaler kwamba alishukiwa kuhusika na mauaji ya akina Kennedy. Ulikuwa uongo mtupu, na ulikaa pale miezi minne. Baada ya fedheha hiyo wasiojisajili wakanyimwa uwezo wa kuanzisha makala mpya katika Wikipedia ya Kiingereza, na masharti ya kuandika wasifu wa watu walio hai yakakazwa. Aliyechafuliwa jina vile hawezi kuambiwa kwamba ukali ni kasoro. Lakini mlango uliofungwa kwa ajili ya waongo huwafungia na wengine. Mei 2018 rasimu ya makala kuhusu mwanafizikia Donna Strickland wa Kanada ilikataliwa kwa maelezo kwamba vyanzo havikuonyesha umaarufu wa kutosha. Oktoba mwaka huohuo akapata Tuzo ya Nobel.

Sasa turudi nyumbani, ambako uzito wa mizani unabadilika. Mhariri mgeni wa Kiswahili mara nyingi anaandika kwa simu, kwa bando alilonunua mwenyewe. Anaandika juu ya mwimbaji wa taarabu aliyetamba mjini kwao, au shule kongwe ya wilaya yake. Mkabidhi, yaani mhariri aliyekabidhiwa uwezo wa kufuta na kuzuia, anaangalia: hakuna chanzo hata kimoja. Kwa kanuni, yuko sahihi kuiondoa. Lakini chanzo chenyewe kiko wapi? Magazeti ya Kiswahili ya miaka ya 1970 na 1980 kwa sehemu kubwa hayasomeki mtandaoni. Yamefungwa kwenye maktaba na hifadhi za nyaraka, na mengine yameshaliwa na mchwa. Mwaka 2011 Achal Prabhala aliongoza mradi India na Afrika Kusini wa kurekodi mahojiano ili yatumike kama vyanzo vya simulizi katika Wikipedia. Wazo likapokelewa kwa baridi, na waliolikataa wana hoja ya haki: msomaji atalinganishaje simulizi ya mzee mmoja na ya mwingine anayempinga? Waliolitetea nao wanayo: tukisubiri kila kitu kichapishwe kwanza, sehemu kubwa ya Afrika itabaki ukurasa mweupe.

Kwa hili nafikiri wakabidhi wanaweza kulegea bila kuacha kanuni. Kitabu kilichochapishwa kinakubalika hata kama hakimo kwenye intaneti, na wageni wengi hawalijui hilo. Kumwambia mtu, "Nenda maktaba ya mkoa, ukipata gazeti andika tarehe na ukurasa," ni jambo tofauti kabisa na kufuta kazi yake kimyakimya.

Sina ulegevu huohuo kwa upande wa wingi wa makala. Hapo ndipo mvutano mkubwa ulipo kati ya wahariri wa Kiswahili. Kambi moja inapenda idadi. Maelfu ya makala ni za kata za Tanzania, nyingi zikiwa na mstari au miwili na idadi ya watu kutoka sensa ya 2002, ya 2012 au ya 2022. Huitwa mbegu, kwa matumaini kwamba siku moja mtu wa kata ile ataiotesha. Sizidharau: angalau ni kweli, zina chanzo, na mtu wa kijijini anayekuta jina la kata yake ana pa kuanzia. Kambi ya pili inauliza faida ya ukurasa ambao msomaji anaumaliza kwa pumzi moja ni ipi.

Jambo zito zaidi ni makala za tafsiri ya mashine. Mwaka 2009 na 2010 Google iliendesha shindano la kuandika makala za Wikipedia ya Kiswahili, likiwalenga wanafunzi wa vyuo vya Afrika Mashariki, na zawadi zilikuwepo. Makala ziliingia, baadhi nzuri, nyingine zikiwa na Kiswahili ambacho ni lazima ukirudishe katika Kiingereza kichwani ndipo ukielewe. Zawadi zilipokwisha wengi wa washiriki waliondoka, na usafi ukabaki kwa wenyeji walewale. Tangu hapo mashindano hayajaisha na programu za kutafsiri zimekuwa stadi zaidi, kiasi kwamba kosa sasa limejificha ndani ya sentensi inayosomeka vizuri. Mwaka 2025 Wikimedia, shirika linaloendesha Wikipedia, iliamua kuifunga Wikipedia ya lugha ya Greenland, baada ya msimamizi wake kueleza kwamba imejaa maandishi ya mashine yasiyo lugha hasa. Kompyuta zinazojifunza lugha husoma Wikipedia. Zikisoma Kiswahili kibovu pale, zitatuletea Kiswahili hichohicho, na mashindano yajayo yatakitumia kuandikia makala nyingine.

Mkabidhi anayefuta makala za namna hiyo kwa mkupuo huonekana katili, na anayezipigia kelele kwenye ukurasa wa Jumuiya, ambako wahariri hujadiliana mambo yao, huambiwa anakatisha vijana tamaa. Mimi niko upande wake. Kijana aliyetumia siku tatu kuandika makala moja kwa mkono anakatishwa tamaa zaidi anapoona mwenzake kamwaga hamsini kwa mashine na kuchukua zawadi.

Ila kuna sharti, na linatoka Kroatia. Wikipedia ya Kikroatia haikukosa wabishi. Ilikuwa nao, wakazuiwa mmoja baada ya mwingine na kundi dogo la wasimamizi wenye msimamo wa kizalendo uliopindukia. Makala ya kambi ya Jasenovac, ambako Waserbia, Wayahudi na Waroma (wanaoitwa pia Wajipsi) waliuawa wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ililainishwa isiseme ilivyokuwa. Mwaka 2013 waziri wa elimu wa nchi hiyo aliwashauri wanafunzi wasiitumie. Ripoti iliyotolewa na Wikimedia mwaka 2021 ilieleza kwamba kundi hilo lilikuwa limeishika Wikipedia hiyo tangu angalau 2011 hadi 2020. Sehemu ya tatizo ilikuwa kwamba Wakroatia, Waserbia na Wabosnia, ambao lugha zao zinaelewana, kila mmoja ana Wikipedia yake, hivyo wa upande mmoja hakulazimika kukabiliana na mwenzake.

Sisi tuna bahati ambayo wao hawakuwa nayo. Mtanzania, Mkenya, Mkongo wa Bukavu na Mswahili wa Muscat wanaingia katika ukurasa mmoja. Tatizo ni kwamba wahariri hai ni wachache mno kuweza kukutana huko mara kwa mara, na mahali penye wakabidhi wachache ni rahisi mtu mmoja kuwa mwandishi, mlalamikaji na hakimu wa kesi ileile, hata bila kukusudia. Kwa hiyo naomba mambo mawili madogo yanayotekelezeka leo. Mkabidhi aliyebishana na mtu juu ya makala asiwe yeye wa kumzuia. Amwite mwingine, na kama hayupo, asubiri. Na waandaaji wa mashindano wahesabu alama za ukurasa wa majadiliano sawa na za makala: mshiriki aliyeonyesha kosa katika kazi ya mwenzake na kuleta chanzo apewe alama zilezile za aliyeanzisha ukurasa mpya, na makala isihesabiwe kabla mshiriki mwingine, wa nchi nyingine ikiwezekana, hajaisoma na kuandika anachokipinga.